Mstari wa Mwenye Matanga

Vijana wa karakana, mmeniomba niandike tulivyofanya kazi zamani, kabla kichwa hakijasahau na kabla mgongo haujaninyima hata kukaa kwenye kiti. Haya, naandika. Ila nawaonya mapema: nani alipandishwa kuwa msimamizi na nani alilipwa nini, hayo sitayagusa, maana hayakuwahi kunifundisha kitu. Nitaandika juu ya mchanga, mwiko, mwalimu wangu Papa Feruzi, na bamba moja la sementi lililokaribia kunifukuzisha kazi.

Niliingia kwa Papa Feruzi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Karakana ilikuwa Makiso, hapa Kisangani, mji ulioitwa Stan wakati ule, nyuma ya bandari, karibu sana na mitambo ya kupakulia meli, ndiyo maana mpaka leo mnasema nazungumza kama mtu anayegombana. Tulitengeneza makaburi: misalaba ya sementi, ukingo wa kuzungushia, na mabamba ya kulaza juu yenye majina. Mama yangu alikuwa Mwislamu wa Maniema, na kwake kaburi la haki ni udongo na majani basi. Nilimwambia nimepata kazi ya ujenzi. Sikusema uongo. Sikumweleza tu wapangaji wetu walikuwa nani.

Siku ya kwanza nilikuja na shati jeupe. Papa Feruzi, mtu mfupi wa Kasongo mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto, aliliangalia shati, akanipa chekecheo.

"Chunga," akasema.

Nilichunga mchanga wa mto mwezi mzima. Jioni ya siku ya thelathini hivi aliniita. "Kamata muchanga, funga ngumi. Fungua. Kama mukono iko musafi, muchanga iko muzuri. Kama inabakisha matope, rudisha mu mto." Mkono wangu ulikuwa na matope. Nikachunga wiki mbili zaidi. Nyinyi mnaonunua mchanga kwa lori bila hata kuugusa, mnajua ninaowasema.

Baada ya mchanga yalikuja maandishi. Tuliandika kwa msumari wa inchi sita uliopondwa ncha, juu ya sementi iliyoanza kushika. Wakati wake ni mfupi. Ukiwahi, herufi zinajifunga zenyewe. Ukichelewa, zinavunjika kingo. Papa Feruzi alisema sementi iko tayari inapobeba kidole bila kukimeza. Hakuna kitabu kitakachowapa kipimo bora.

Lakini kilichoitofautisha karakana yetu na nyingine zote za mjini kilikuwa mstari wa chini. Kila bamba tuliliachia sehemu tupu pale mwisho, upana wa kiganja, imekwaruzwa ili ishike. Tuliijaza kwa sementi mbichi kule kule kaburini, mbele ya watu, na mwenye matanga aliandika jina lake mwenyewe. Asiyejua kuandika alibandika mkono.

Mnajua matanga hayaishi kwa kuzika. Yanaisha siku wajomba, ndugu za mama wa marehemu, wanapokaa kwenye mkeka na kuuliza: mtoto wetu tuliwakabidhi, nani anamjibia? Lazima mtu mmoja ajibu. Baba, mume, kaka mkubwa. Kujibu si kusema kwamba umeua. Ni kusema kwamba mtu huyu alikuwa mkononi mwangu. Kule tulikofanya kazi, anayejibu huketi chini kwenye udongo, na hanyanyuki mpaka wafiwa wamnyanyue. Wasipomnyanyua, matanga yanabaki wazi, hata miaka.

"Jina ya mufu, hata mutoto wa masomo anaweza kuandika," Papa Feruzi alikuwa akisema. "Jina ya mwenye kujibia, ile njo kazi." Yaani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa kawaida haikuwa na taabu. Mara moja tu, kwenye kaburi la mfanyabiashara mmoja, wake wawili walibandika mikono kwa pamoja, kila mmoja akiusukuma wa mwenzake, na bamba likatoka kama ugomvi uliokauka. Wenyewe waliridhika.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na miaka mitatu kazini na nilijiona fundi. Papa Feruzi alikuwa amesafiri kwenda Isangi kusimamisha msalaba, akaniachia karakana. Asubuhi moja akaingia chifu mmoja kutoka upande wa Opala, Chef Lokwa. Alivaa suti nyeupe na medali kifuani, akikohoa kidogo kidogo. Nilitafuta kiti, sikukipata. Akakaa juu ya mfuko wa sementi bila kujali suti yake.

Alitaka bamba la watu kumi na mmoja. Walikufa pamoja, akasema, wakati wa vita ya Wazungu, wakisafirisha mpira. Wakubwa wenu wanaikumbuka miaka ile: vita ilikuwa mbali, lakini Leta, yaani serikali, ilitaka mpira wa porini kwa ajili ya magurudumu ya wanajeshi, na kila kijiji kilipewa kiasi chake. Alinitajia majina yote kumi na moja kwa kichwa, bila karatasi, polepole, akiningoja niandike. Ningepaswa kushangaa. Mtu hakariri majina kumi na moja bure.

"Na mwenye matanga, Chef?"

Akakohoa. Kisha akasema, "Tia Leta."

Nami nikatia. Hata sikungoja kwenda kaburini. Nilijaza mstari wa chini mle mle karakanani, na nikachora herufi kubwa, nzuri, zilizosimama wima: LETA. Nilifurahi mno kumhudumia chifu mwenye medali. Haraka haraka haina baraka, lakini waliotunga maneno hayo hawakuwa na wateja wenye medali.

Papa Feruzi aliporudi alisoma bamba kutoka juu hadi chini. Hakufoka. "Amisi," akaniuliza, "Leta iko na mukono?"

"Hapana, Papa."

"Inaweza kuikala chini, mu udongo?"

"Hapana."

Akaenda kunawa miguu. Ningependa zaidi anipige.

Tulikuwa bado hatujaamua la kufanya alipofika Mama Anyesi, mwanamke wa kijiji cha Chef Lokwa. Alikuja na kaka yake, Tonton Likaka, yaani Mjomba Likaka, mzee mrefu asiye na haraka. Walishuka mto Lomami kwa mtumbwi, kisha wakapanda meli mpaka Kisangani, kwa sababu walisikia chifu ameagiza jiwe. Nywele za Mama Anyesi zilikuwa hazijachanwa, na nguo yake nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu. Hakujua kusoma. Aliweka kidole kwenye kila mstari na kuniamuru nisome. Kwenye jina la nne nikasoma: Veronika. Kidole hakikuhama.

"Ule njo wangu," akasema.

Baadaye kidole kikateremka mpaka chini. "Na hapa?"

"Leta, Mama."

"Leta iko nani? Mama yake anatoka wapi?" Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa nyumba. "Papa fundi, mi sikuzaa Veronika kwa Leta. Kama Leta njo alimutuma, alimwambia saa gani? Nilikuwa pale. Niliona mutu."

Kisha akatueleza, naye hakulia. Ilikuwa masika, mto mdogo wa kwao ulikuwa umejaa na kubeba miti mizima. Mpira ulitakiwa kufika Opala kabla ya Jumamosi. Mpiga kasia alisema wangoje siku mbili, maji yapungue. Chifu akasema hapana, nendeni. Walipakia mpira, na juu ya mpira wakapakia watu, wanaume wa kuutoa na wasichana waliobeba chakula chao. Mtumbwi ulipinduka mbele ya macho ya kijiji.

"Mupira ilielea," akasema Tonton Likaka. "Wakaikamata yote. Ilifika Jumamosi."



Mama Anyesi alikuwa na miaka zaidi ya kumi ndani ya matanga. Mama mfiwa wa kwao, mpaka ajibiwe, hakai kwenye kiti wala hali katika chungu kimoja na watu. Ndugu zake walikuwa wameozesha watoto, wamesherehekea ubatizo, wamekula samaki wa sikukuu, naye amekaa pembeni na jani lake la ndizi. Hakutaka kisasi. Alitaka kula na watu kabla hajafa, na alijua kwamba mwenye kumfungulia mlango huo ni chifu.

Papa Feruzi akanipa patasi. "Wewe uliandika. Wewe utatoa."

Nilizichonga herufi zangu nzuri siku moja na nusu, na kidole gumba mnachokiona kimepinda kilipinda hapo. Niliogopa pia, nakiri. Miaka ile chifu aliweza kukufikisha jela kwa neno moja tu kwa ajenti, Mzungu wa Leta, na mimi nilikuwa nafuta agizo la chifu na kulifuta jina la serikali kwa pigo lile lile la nyundo. Papa Feruzi alimpelekea Chef Lokwa ujumbe mfupi: bamba tayari, mstari wa chini tutaumaliza huko, kama kawaida yetu. Jibu lilikuja na meli iliyofuata. Njooni.

Tulilisafirisha tumelilaza juu ya mchanga na majani ya ndizi. Kumbukeni hilo: bamba halifi kwa uzito, linafa kwa kutikiswa. Meli hadi Isangi, mashua hadi Opala, na lori la mwisho ambalo dereva wake nilimtukana njia nzima.

Siku ya kuliweka, kijiji kizima kilikuwa ukingoni mwa ule mto mdogo. Wajomba wa wafu kumi na mmoja walikaa kwenye mikeka, Tonton Likaka mbele. Mama Anyesi alikuwa pembeni, peke yake. Alikuwepo pia ajenti wa Leta, Mbelgiji kijana, amekuja kwa gari na hotuba kwenye karatasi. Aliisoma kwa Kiswahili cha maofisini: watu hawa wamesaidia ushindi, na dunia inawashukuru. Watu walimsikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza mvua.

Papa Feruzi akaanza kuchanganya sementi. Nikamwona anatoa sukari yetu ya chai na kutia mkono mzima ndani ya maji.

"Papa, hiyo ya nini?"

"Sukari inachelewesha sementi kushika," akaninong'oneza. "Leo kuko mutu atahitaji wakati."

Tukajaza mstari, tukausawazisha, tukarudi nyuma. Tonton Likaka akauliza, bila kupandisha sauti: "Batoto betu kumi na mumoja. Nani anabajibia?"

Jua lilikuwa limeshapanda. Chef Lokwa alisimama karibu na bamba, medali yake kifuani, akikohoa.

"Vita haikuwa yangu," akasema mwishowe. "Ule mukubwa wa Ulaya mwenye kuianzisha, hata sura yake sikuijua. Mi nilipata agizo." Akamgeukia ajenti. Watu wote wakamgeukia ajenti.

Yule kijana akawa mwekundu. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hili. "Wakati ule mimi nilikuwa shuleni, kwetu," akasema. "Bwana aliyekuwa hapa alipata agizo kutoka Stan. Stan ilipata kutoka Léo, makao makuu. Léo ilipata kutoka mbali sana, kwa mawaziri. Alors, mtu mmoja, hapana... Vita ni vita."

"Bon," akasema Tonton Likaka. "Barua ilitoka mbali. Lakini mutumbwi ilitoka hapa."

Watu husema fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Nimeyasikia maneno hayo kwenye mazishi mengi, hasa vinywani mwa wakubwa, na tangu siku ile siyapendi. Nyasi huwa zimeota pale pale. Hazikuitwa kwa majina, hazikupakiwa juu ya mpira. Watu wale walitumwa, na anayetuma ana mdomo.

Papa Feruzi alinikonyeza nikagusa ukingo wa sementi. Ilikuwa inabeba kidole. Nikalowesha gunia na kuweka kivuli juu yake. Sikujua namwonea huruma nani zaidi, yule mama au yule mzee mwenye suti.

Ndipo Chef Lokwa akaketi. Si kwenye kiti chake. Chini, kwenye udongo, na magoti yakamsumbua kukunja. Akasema akiutazama mto.

"Mupiga kasia aliniambia: Chef, ngoja siku mbili. Nilimusikia muzuri. Na ule bwana wa zamani alikuwa ameniambia: mupira isipofika Jumamosi, kiti yako inapata mutu mungine. Nikawaza ule mungine atakuwa mubaya kuliko mimi. Miaka yote hii najiambia vile. Pengine iko kweli." Alikohoa. "Lakini kiti ile niliipenda. Nilijua mayi iko mingi. Nilisema: nendeni. Hakuna mutu wa Ulaya alisema neno ile. Njo mimi."

Akasogea mpaka kwenye bamba, akainama na kubandika mkono wa kulia upande wa kushoto kabisa wa mstari. Medali ikaning'inia, ikagusa sementi na kuacha duara dogo kando ya vidole. Nilichukua mwiko nilisawazishe. Papa Feruzi akanishika kifundo cha mkono.

Chifu hakuuondoa mkono. Nyinyi mnajua sementi mbichi inavyokula ngozi, hasa ya mzee. Dakika zikapita. Nikaona maji ya macho yakimtiririka, na sikujua ni ya uchungu upi. Kwa desturi hakuna aliyeruhusiwa kumnyanyua ila wafiwa, na wafiwa walikuwa wamekaa bado kwenye mikeka. Wajomba wakamtazama Mama Anyesi. Wote walimwachia yeye, kwa kuwa ndiye aliyesafiri.

Alisimama. Alitembea mpaka kwenye ndoo yetu ya maji, akaibeba mwenyewe, akachuchumaa mbele ya chifu.

"Toa mukono, Papa," akasema. "Inakuchoma."

"Acha ichome."

"Toa. Mi sikungoja miaka yote hii juu ya kukuchoma."

Aliuvuta mkono ule kwenye sementi kwa nguvu, akauosha. Aliosha kidole kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha. Watu walikuwa wameanza kulia, nami nililia, na Papa Feruzi alijishughulisha sana na mwiko uliokuwa safi tayari.

"Wale bengine banaishi mbali," akamwambia, akiendelea kuosha. "Sina meli ya kufika kwao. Wewe ulikuwa karibu, Veronika alikuita papa. Njo maana nilikungoja wewe." Kisha akamshika kwapani na kumnyanyua, ingawa alikuwa mwembamba, na chifu akasimama. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa kusitasita kwanza, halafu kwa nguvu. Mtu alileta chungu cha samaki na pondu ya majani ya muhogo, na Mama Anyesi akatia mkono wake ndani pamoja na mikono mingine. Nilimwona akitafuna. Nimefanya makaburi miaka mingi, na hiyo ndiyo kazi ninayojivunia, ingawa fungu langu kubwa ndani yake lilikuwa kosa.

Alipomaliza tonge la pili alikuja kwetu, vidole bado vina mafuta, akaliangalia bamba. Upande wa kulia wa mkono wa chifu mstari ulikuwa bado mtupu, na sementi yake imeshakauka.

"Fundi, sementi ingine iko?"

"Iko, Mama," nikasema.

"Chonga hapa, uchanganye ingine, kuko nafasi ya mukono ya pili," akasema, na akageuka kumtazama yule ajenti kijana, ambaye alikuwa amesimama kando ya gari lake, mlango wazi, na alikuwa bado hajaingia.